Vikapu Vitano vya Pembe ya Kushoto

Ipo Jumatatu moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka leo kuliko siku niliyoolewa. Marehemu mume wangu alikuwa akinisikia nasema hivyo ananuna, nami namwambia, "Usinune bwana, harusini kwetu walikuwepo watu wengi na biriani. Jumatatu ile nilikuwa na mzee mmoja na mpira, na hapakuwa na pa kujificha."

Lakini nikiirukia Jumatatu hiyo moja kwa moja hutanielewa. Kaa vizuri nianzie nyuma kidogo.

Mimi nilikuwa na mkono. Nalisema bila haya, maana aliyesoma chuo chetu cha ualimu hapa Bagamoyo miaka ile atakwambia hivyohivyo. Mpira wa kikapu ulikuwepo siku nyingi, ila mstari wa pointi tatu ndio kwanza umeingia, na wasichana wengi waliuona kama mpaka wa shamba la jirani, hawausogelei. Mimi nikaupenda. Nikishika mpira nyuma ya mstari ule, upande wa kulia wa goli, wenzangu walianza kurudi nyuma kulinda kabla mpira haujatua. Walikuwa wanajua umeshaingia.

Usidhani nilizaliwa nao mkono huo. Ukitaka uzuri sharti udhurike. Kila siku nikishaswali alfajiri nilikwenda uwanjani nikiwa na suruali chini ya sketi na kilemba kimekazwa, nikatupa mipira mia kabla ya kengele ya chai. Mpira wetu ulikuwa umechakaa hadi vipele vyake vyote vimekwisha, unateleza kama embe lililomenywa. Wavu wa ringi alitusukia ami yangu kwa kipande cha jarife kuukuu la kuvulia samaki. Vidole vilipasuka, nikavipaka mafuta ya nazi, nikarudi tena kesho yake. Hakuna aliyenituma.

Sasa, kwenye timu hiyo tulikuwa Mwajuma wawili. Kwetu pwani si ajabu: binti akizaliwa Ijumaa ni Mwajuma, mwenye malalamiko aende kwa kalenda. Mimi nilikuwa Mwajuma wa Mjini, mtoto wa Bagamoyo hapahapa. Mwenzangu alikuwa Mwajuma wa Saadani, mama yake akikausha samaki kule pwani ya mbugani. Alikuwa mrefu, mkimya, wa mashoto. Shuleni walimchapa hadi akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia, lakini mpira hakuna aliyeweza kumbadilisha. Aliutupa kwa kushoto, tena kutoka pembe ya kushoto ya uwanja, kule karibu na mstari wa mwisho ambako ubao haukusaidii kitu. Mimi pembe hiyo sikuigusa kabisa. Yeye kushoto, mimi kulia, na timu za watu zikawa hazijui zimkabe nani.

Unajua watu wa jina moja huku huitana somo. Basi tukawa somo na somo yake, kitanda changu na chake vimepakana bwenini. Mimi nilivaa kanga zake bila kuomba, naye alitumia sabuni yangu mpaka ikabaki nyembamba kama ukucha. Tulikuwa na msemo wetu wenyewe: cha somo hakiibiwi. Tulicheka nao sana. Msemo huohuo ndio ulioniponza.

Na alikuwepo Mzee Sefu, karani wa chuo. Huyo ndiye aliyekaa mezani kila mechi kuandika. Nyinyi leo mnao watu wa takwimu na kompyuta zao. Sisi tulikuwa na Mzee Sefu, penseli, na kaunta buku moja iliyofungwa kwa plasta mgongoni. Kila mechi ilikuwa na ukurasa wake, na kwenye kila ukurasa alichora uwanja kwa rula. Ukifunga, anatia nukta pale uliposimama. Ukikosa, anatia mkato. Pembeni anaandika jina. Sisi wawili alitutenga kwa herufi, mimi Mwajuma M na somo yangu Mwajuma S. Alikuwa mkali wa nukta zake kuliko muuguzi wa dozi. Kama mguu wako ulikanyaga mstari, hata refa akikupa tatu, yeye alitikisa kichwa.

Mwaka wa mwisho ikaja barua kutoka mkoani. Chuo kipeleke msichana mmoja, mlengaji, aingie timu ya mkoa. Mwalimu Lukas, mwalimu wetu wa michezo, akatukusanya akasema, "Sichagui kwa macho, macho yana upendeleo. Daftari ndilo litakalochagua. Mwenye vikapu vingi vya pointi tatu kwa miaka yote miwili ndiye atakayekwenda." Tukageukiana mimi na somo yangu, tukacheka, kwa sababu wengine wote walikuwa mbali. Imebaki mechi moja, ya Lugoba. Mimi nilikuwa na hamsini na nane, yeye hamsini na saba.

Nikwambie nilichokuwa nakitafuta, usije ukaniona mwenye tamaa ya sifa tu. Baba yangu alikuwa muuza vitambaa, mtu wa neno moja. Siku naingia chuoni aliniambia, "Chuo kikiisha, na mpira umekwisha. Ila mkoa ukikuhitaji, hapo nitajua si mchezo wa kitoto, nitakuacha ucheze." Kwangu mimi nafasi ile moja ilikuwa ni mpira au hakuna mpira. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwa napenda kitu kingine duniani kama kuusikia ule wavu.

Basi tukaenda Lugoba. Mzee Sefu hakuwepo, alikuwa Dar hospitali kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwalimu Lukas naye alikuwa na kikao. Tukapewa Mwalimu Anjela, wa hesabu, aliyekuwa ametoka Bara mwezi uleule na hata majina yetu hajayashika. Mzee Sefu alikuwa amemwachia maelekezo ya nukta na mikato, naye akayafuata kama mtihani. Kila mpira ukiingia anauliza benchi, "Nani kafunga?" Benchi linajibu kwa kelele, "Mwajuma!" Anaandika Mwajuma. Unaingia mwingine. "Nani?" "Mwajuma!" Mama wa watu akadhani Mwajuma ni mmoja na ana miguu ya ajabu.

Siku hiyo mimi nilifunga kimoja. Mkono ulikuwa mzito, kwa nini sijui. Somo yangu alifunga vitano, vyote kutoka pembe yake ya kushoto, na cha mwisho ndicho kilichotupa ushindi. Nilimrukia shingoni, nikashangilia hadi sauti ikakauka. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na ningekomea hapo leo nisingekuwa na hadithi.

Hatujapanda gari akaja ndugu yake na habari kwamba mama yake Saadani hajiwezi. Akachukua mkoba wake vilevile na jezi mwilini, akadandia lori la kwenda Mandera ili apite Miono afike kwao. Sisi tukarudi Bagamoyo bila yeye.

Kesho yake Mwalimu Lukas akaniita ofisini. Kaunta buku iko wazi mbele yake, anakuna kichwa.

"Mwajuma, mwenzetu ameandika Mwajuma tu, hakuweka herufi. Vikapu vya tatu ni sita. Vyako vingapi?"

Jibu lilikuwa neno moja, mwanangu. Kimoja. Hata mtoto wa chekechea analijua. Mimi nikasema, "Mwajuma ni mimi, mwalimu."

Uone ujanja huo. Si uongo. Hata kadhi angeniuliza jina ningemjibu hivyohivyo. Mwalimu akanitazama. "Vyote sita?" Nami nikainamisha kichwa kidogo, kama msichana mwenye adabu anayeona haya kusifiwa. Kichwa kile ndicho kilichosema uongo, mdomo ulibaki safi. Akaandika, nukta zilizochorwa hata hakuzitazama: M, sitini na nne. S, hamsini na saba. Akanipa mkono wa pongezi, nikaupokea.

Nafsi ikitaka kitu haikosi wakili. Nikajiambia cha somo hakiibiwi. Nikajiambia yeye anauguza, hata akichaguliwa atakwendaje. Nikajiambia miaka miwili nimeamka alfajiri, vikapu vitano ni nini. Nikaenda nyumbani kumwambia baba. Baba akaweka chini kipimo chake cha mbao, akasema, "Hongera," na kwa baba yangu hilo lilikuwa kama hotuba. Nilitoka pale naona dunia yote yangu.

Ndipo ikaja Jumatatu.

Mzee Sefu alirudi na jicho moja limefunikwa bendeji. Alikuwa ameambiwa apumzike wiki nzima, lakini alikuja kulitazama daftari lake. Tulipotoka mstarini akaniita.

"Shikamoo Mzee. Pole na jicho."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeshapoa. Nasikia hongera ni zako."

"Asante Mzee."

"Njoo unifurahishe basi. Lugoba sikuwepo. Jicho moja bado limefungwa, lakini hili lililobaki linataka kuona."

Nilimfuata. Daftari kwapani, mpira mkononi, anatembea taratibu kwa kuwa hajazoea kuona kwa upande mmoja. Tulipofika uwanjani akafungua ukurasa wa Lugoba akaniwekea mbele.

"Huyu mama wa hesabu ana mkono safi," akasema. "Tazama nukta zake. Moja hii hapa kulia, kwako siku zote. Na tano hizi," kidole chake kikateremka, "zote pembe ya kushoto. Sikuwahi kukuona huko, mjukuu wangu. Nikasema, kumbe amenificha kipaji. Hebu nirudishie hizi tano."

Akanipa mpira. Nikasimama pembe ya kushoto.

Mtupo wa kwanza haukugusa hata ringi. Wa pili uligonga ubavu wa ubao ukarudi kwenye majani. Nikasema, "Mzee, jua linanipiga machoni." Akasema, "Tupa." Kilichonimaliza hakikuwa kukosa. Kilichonimaliza ni kwamba kila nikikosa yeye mwenyewe aliufuata mpira. Mzee mwenye bendeji usoni anakwenda kuuokota majanini, anaupangusa mchanga kwa mkono, anarudi kunipa. Wa tatu, wa nne, wa tano. Wa saba uligonga ringi ukaingia kwa huruma, naye akasema, "Huo nimeuona." Wa kumi sikuutupa. Nilikaa chini pale kwenye saruji nikalia.

Alingoja nimalize. Kisha akakaa kwenye kitako cha nguzo ya goli.

"Jina mmepewa wawili, mjukuu wangu," akasema. "Mkono kila mtu wake."

Nikajifuta machozi kwa kiganja.

"Mimi sikukemei kwa ajili ya mwenzio, huyo ana Mungu wake. Nakuonea huruma wewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Utafika mkoani, watafungua karatasi waone wewe ni hodari wa pembe ya kushoto. Watakusimamisha huko mbele ya watu. Utatupa nini?"

Nikamwambia, "Mzee, nifutie basi. Kifutio unacho."

Akakitoa mfukoni akakitazama, akakirudisha. "Mimi sikuyaandika haya. Aliyeyaandikisha ndiye akayafute. Mwalimu yuko ofisini."

Nikamweleza habari ya baba. Nilimweleza yote, kwamba nikifuta vile vitano ndiyo mwisho wangu wa kushika mpira, kwamba baba hana kauli mbili. Nilitegemea atanionea huruma. Akafikiri kidogo.

"Baba yako aliahidi kwa binti atakayechaguliwa," akasema. "Wewe hukuchaguliwa. Umejichagua."

Mwanangu, kutoka uwanjani pale hadi ofisini si hatua mia. Njiani nilisimama mara mbili, na mara ya pili nilishageuka kurudi. Sijui kilichonisukuma, labda ni kujua kwamba yule mzee ananitazama mgongoni kwa jicho moja. Nilijiambia, Mwajuma, umeamka alfajiri miaka miwili, huwezi kushindwa kufungua mlango. Nikaufungua. Mwalimu Lukas alikuwepo, na Mwalimu Anjela kando yake anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, kimoja."

"Kimoja nini?"

"Lugoba. Changu ni kimoja. Vitano ni vya somo yangu wa Saadani."

Mwalimu Anjela akaweka kalamu chini. "Kumbe mko wawili!" akasema, na uso wake ukaiva kwa aibu, wakati aibu haikuwa yake.

Mwalimu Lukas alikasirika, na alikuwa na haki. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alinisukumia daftari na kifutio, akasema nifute mwenyewe. Nilifuta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka kidogo. Nikaandika kwa mkono wangu: M, hamsini na tisa. S, sitini na mbili. Akanipa adhabu ya kufua jezi za timu nzima mpaka chuo kifungwe, na jioni nikasema mbele ya wenzangu nilichofanya. Kufua ndiko kulikokuwa rahisi.

Kwa baba nilikwenda siku hiyohiyo, kabla hajasikia mtaani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi neno langu unalijua." Nikasema nalijua. Njia ya kurudi chuoni nililia tena, na sioni haya kukwambia, maana nilikuwa nimekipoteza nilichokipenda na hapakuwa na mtu wa kumlaumu ila mimi.

Alhamisi somo yangu akarudi. Mama yake alikuwa ameanza kukaa, anakunywa uji. Nilimketisha kitandani nikamweleza kabla hajafungua mkoba.

"Ungetaka kanga ningekuvulia hii niliyovaa," akasema. "Unajua nilipofika nilimkuta mama hatambui mtu? Alipozinduka nikamwambia, mama, nimefunga vikapu vitano Lugoba. Yeye hajui mpira huu. Alidhani nimesuka vikapu vya ukili, akaniuliza, 'Utaviuza wapi mwanangu?' Tukacheka sote nyumba nzima. Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu augue." Akainuka. "Hivyo ndivyo ulivyotaka kuchukua, somo."

Nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi na mume. Ni maneno machache yaliyowahi kunichoma vile. Mimi nilihesabu vikapu vitano vya daftari. Kumbe kwa mwenyewe vilikuwa kicheko cha mama yake. Hujui, mwanangu, ukichukua cha mtu unakuwa umechukua nini.

Wiki nzima hakunisemesha. Nami sikumbembeleza, maana maji yakimwagika hayazoleki. Nikaendelea kufua jezi, na alfajiri nikaendelea kwenda uwanjani, safari hii pembe ya kushoto. Kwa nini, na mpira wangu umekwisha? Sikuwa na sababu ya kumweleza mtu. Nilitaka tu mahali pale paliponiaibisha panijue. Nilitupa, nikakosa, nikaufuata mpira majanini mwenyewe. Asubuhi ya nane nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mguu wako wa nyuma umekaa vibaya."

Ni yeye. Akaja akausogeza mguu wangu kwa mguu wake, akanigeuza bega. "Usiutazame ubao, ubao huku haukujui. Tazama mdomo wa ringi wa mbele." Nikatupa, ukakosa. Akasema, "Tena." Hatukurudia tena maneno yale ya bwenini mpaka leo.

Mkoani alikwenda yeye, tukamsindikiza kwa vigelegele, na changu kilikuwa kikali kuliko vyote. Alicheza miaka saba, akafundisha wengine. Namba zake za huko sizitaji mimi, ziko kwenye madaftari ya huko na zinajisemea zenyewe.

Mimi nilimaliza chuo wa pili. Vikapu hamsini na tisa vya pointi tatu kwa miaka miwili, nukta nyingi mno zikiwa upande wa kulia. Ukiniamsha usingizini nitakutajia. Vile vya pembe ya kushoto nilivyokuja kuvipata asubuhi zile za mwisho havikuandikwa popote, kwani mechi zilikuwa zimekwisha. Nikapangiwa kazi shule moja ya Ubena. Hapakuwa na goli, hapakuwa na uwanja, na neno la baba la kutocheza lilikuwa palepale. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamtafuta fundi akanikunjia nondo mbili zikawa ringi, tukasimamisha magogo, wasichana wakabeba kokoto kwa ndoo. Likizo nilipokwenda nyumbani baba akaniuliza kwa ukali, "Nasikia umerudia mpira." Nikamjibu, "Hapana baba. Sichezi. Nafundisha. Ni kazi ya serikali." Alinitazama sana mzee yule. Mwaka uliofuata dereva mmoja akanishushia pale shuleni jora zima la kitambaa cha buluu, kwa jezi. Hakukuwa na barua ndani. Nililikumbatia jora lile mbele ya wanafunzi, nikasahau kwamba mimi ni mwalimu.

Sasa sikia, mwanangu, maana sikukuita hapa kwa porojo. Juzi uliniletea fomu ya chuo cha ng'ambo, nikiwa mwalimu aliyekufundisha, niithibitishe. Nimevaa miwani nikaisoma yote. Penye asilimia ya mitupo yako umeandika namba ambayo mkono wako hauijui, nami nimeutazama mkono huo tangu mpira unakufunika kifua. Nilipokuuliza ulicheka, ukasema, "Mwalimu, siku hizi kila mtu anaongeza kidogo." Sikukujibu. Nilikuwa nakasirika, na mtu mzima akikasirika ajinyamazie kwanza.

Jibu langu ni hili. Usiongeze. Si kwa sababu utakamatwa. Huenda usikamatwe, wajanja wengi wamekufa na heshima zao. Usiongeze kwa sababu namba uliyoiongeza utalazimika kuiishi. Utafika kwa watu wasiokujua, watakusimamisha pale namba yako inaposema unaweza, na hapo hutakuwa na mimi, hutakuwa na simu, utakuwa na mpira tu. Na usiongeze kwa sababu kila kikapu kilichofungwa kina mwenyewe. Ukikikuta hakina jina, ujue jina limekosewa. Mwenyewe yupo, pengine anauguza mama yake.

Na la pili. Ukishakosea, na utakosea, wewe ni mtu kama mimi, nenda ukafute mwenyewe, siku hiyohiyo, usimtume mtu. Utapoteza kitu. Sikudanganyi kwamba hutapoteza. Mimi nilipoteza mkoa, nikapoteza kucheza, na mara nyingine nikiona wasichana wamevaa jezi za mkoa bado moyo unanichoma kidogo. Lakini nikilala nalala. Na pale unapoona ni dhaifu, namba yako ndogo ilipo, usipafiche kwa kalamu. Peleka mwili huko alfajiri, utupe mpaka papate nguvu. Hiyo ndiyo njia ya kuongeza, sijui nyingine.

Jumamosi saa kumi alasiri njoo nyumbani na fomu mpya. Utaandika ulichofunga na ulichokosa, nami nitatia sahihi yangu chini yake, tena nitaongeza barua ya kurasa mbili ya mambo ambayo fomu haina pa kuyaweka: kwamba hukosi mazoezi, kwamba ukipoteza mpira unakimbia kurudi kulinda kabla ya wenzako wote, kwamba uliwahi kucheza na homa hadi nikakutoa kwa nguvu. Hayo nimeyaona kwa macho yangu na nitayaapia popote. Wakikuchukua kwa hayo, watakuwa wamekuchukua wewe. Wasipokuchukua, tutakutana uwanjani kesho yake asubuhi, tuanze.

Mungu akulinde, mwanangu, ukiwa unaonwa na ukiwa huonwi. Akupe umri, akupe afya ya magoti, akuzidishie kilicho halali hata kikianza haba. Akukutanishe na watu watakaokwambia kweli mapema, na akupe masikio ya kuwasikia. Na siku utakapoitwa jina lako mbele ya watu, uitike kwa sauti, kwa kuwa ni wewe kweli. Amin.